Mlaji wa Mbao Anayeingia kwa Tundu la Pini

Ubao wa dau unaweza kuwa umekwisha ndani na bado ukaonekana mzima nje. Rangi ipo, pamba ya kalafati imekaa mahali pake, na ukiinama chini ya mkuku huoni kitu ila vitundu vichache ambavyo pini ingeviziba. Fundi akigonga kwa nyundo ndipo siri inapotoka: ubao mzima hutoa mlio mkali, uliokwisha hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Akichokonoa, patasi inazama hadi mpini. Ndani hamna mbao tena, mna mirija iliyobanana, kila mmoja umepakwa ndani utando mweupe, mgumu, wa chokaa.

Pwani, chombo kikifika hapo husemwa kimeliwa na mdudu, na hasara yake ni ya zamani kuliko rangi yoyote ya dukani. Mwaka 1503, Christopher Columbus alizipandisha ufukweni Jamaica merikebu mbili zilizombakia katika safari yake ya nne, kwa sababu zilikuwa zimetobolewa kiasi kwamba mabaharia walifua maji usiku na mchana na maji hayakupungua. Alikaa pale mwaka mzima akingoja wa kumchukua. Karne mbili baadaye mdudu huyo huyo alizila nguzo za mbao zilizolinda kuta za bahari za Uholanzi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo iko chini ya usawa wa maji, basi hofu ilikuwa kubwa na kila mtu alitaka kujua ni kiumbe gani hicho. Mwaka 1733 Gottfried Sellius alitoa jibu ambalo wengi halikuwakaa: huyu si mnyoo wala si mdudu. Ni jamaa ya chaza na kome. Mwili umerefuka ukawa wa mnyoo, na zile kombe mbili ambazo chaza hujifungia zimekuwa ndogo zikabaki kichwani tu, zenye meno, zikawa tupa za kukerezea mbao. Mwaka 1758 Linnaeus alimpa jina la kitaalamu, Teredo navalis. Leo jamaa zake wanaojulikana ni wengi, na wengi wao wanapenda maji ya joto, yaani maji yetu.

Mwenye chombo hana haja ya kukariri jina hilo. Anachohitaji kujua ni jinsi kiumbe huyu anavyoingia, maana ulinzi wote, wa mababu na wa maduka ya rangi, unasimama au kuanguka hapo.

Anaanza maisha akiwa kiluwiluwi anayeelea baharini. Wa Teredo navalis huelea wiki mbili au tatu, akisukumwa na mkondo popote. Anapokuwa tayari kutua, upana wake ni kama robo ya milimita. Akigusa mbao hutambaa juu yake, huchagua mahali, hubadilika umbo na kuanza kukereza. Tundu analoingilia halikui sana: linabaki milimita moja au mbili maisha yake yote. Ni mwili unaokua kwa ndani. Unanenepa ukakaribia unene wa kidole, unarefuka sentimita 20 au 30, na kwenye bahari za joto wako wanaopita hapo. Mkia unabaki mlangoni, ukichomoza mirija miwili laini ya kuvuta na kutoa maji. Ukimgusa, au chombo kikipwelewa, mirija inarudi ndani na vizibo viwili vya chokaa vinafunga mlango. Akiwa amejifungia hivyo anaweza kuishi wiki kadhaa bila bahari. Kwa hiyo dau lililolala mchangani siku nne tano za jua, mwenyewe akajiambia mdudu amekauka, halijatibiwa kitu. Huyo aliye ndani amelala tu.

Ana tabia mbili zaidi zinazomfaa fundi. Kwanza, hufuata nyuzi za mbao, na akikaribia njia ya mwenzake hukata kona, kiasi kwamba ubao unaweza kuwa na mamia yao bila njia mbili kukutana. Pili, kwa kawaida havuki mshono. Aliyeingia ubao huu hufia katika ubao huu. Nitairudia tabia hii ya pili, kwa kuwa ndani yake mna kinga rahisi kuliko zote.

Swali lililowashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu lilikuwa la tumbo. Mbao ni chakula kibaya. Selulosi yake haiyeyushwi na matumbo ya wanyama walio wengi, na naitrojeni, ambayo kila mwili unaihitaji kujenga nyama, ndani ya mbao ni kidogo mno. Mchwa hutatua shida hii kwa kufuga vijidudu tumboni. Ilitarajiwa basi kwamba na huyu wa baharini atakuwa hivyo hivyo, lakini sehemu ya tumbo anamohifadhi unga wa mbao ilikutwa haina bakteria wa maana.

Jibu lilitoka mahali ambapo mtu hangetazama: kwenye matamvua, kiungo cha kupumulia. Mwaka 1983 John Waterbury na wenzake walifaulu kumkuza maabara bakteria anayeishi humo, anayeweza kuvunja selulosi na pia kunasa naitrojeni. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Ruth Turner wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza viumbe hawa na kuwaorodhesha wote katika kitabu kikubwa cha mwaka 1966. Bakteria yule baadaye aliitwa Teredinibacter turnerae, kwa heshima yake. Kilichobaki kilikuwa umbali: kiwanda kiko kwenye matamvua, chakula kiko tumboni. Mwaka 2014 kundi jingine lilionyesha kwamba vimeng'enya vinavyotengenezwa na bakteria hao husafirishwa mwilini hadi tumboni, bakteria wenyewe wakabaki walipo. Mwenye nyumba anapata sukari yote bila kugawana na mtu.

Bakteria hao hutengeneza pia dawa za kuua vijidudu vingine, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya tumbo kuwa safi. Moja, tartroloni, ilitangazwa mwaka 2020 kuwa imezuia ukuaji wa vimelea kadhaa katika majaribio ya maabara, kikiwemo kimelea cha malaria. Kutoka chupa ya maabara hadi kidonge ni safari ndefu na dawa nyingi hufia njiani. Hata hivyo inafurahisha kwamba mharibifu wa madau anaweza kuwa amebeba kitu cha kumfaa mvuvi mwenyewe mgonjwa.

Turudi chini ya mkuku. Ugunduzi huu wa tumbo una maana ya moja kwa moja kwa mtu aliyeshika brashi. Aliyekwisha kuingia anakula mbao za ndani kabisa, ambako rangi haifiki. Kupaka rangi ya sumu juu ya chombo kilicholiwa ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba. Sumu, moto, mafuta, vyote vina nguvu juu ya kiumbe huyu katika siku chache tu: anapotambaa juu ya ubao, na anapokuwa ndani milimita moja mbili.

Ukilijua hilo, kazi ya wazee inasomeka upya. Kuanzia Lamu hadi Kilwa, vyombo vilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, vikaegemezwa ubavu, vikakwanguliwa, vikababuliwa kwa moto wa makuti makavu, kisha vikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kiumbe ambaye katika maji ya joto anaweza kupevuka ndani ya wiki chache anahitaji kukatizwa kwa mwendo huo hasa. Sijui kama kuna mzee aliyewahi kuhesabu siku za kiluwiluwi. Bahari ndiyo iliyompangia ratiba, na ratiba ikaangukia mahali pake.

Moto nao una mipaka yake. Mbao hupitisha joto polepole sana, na iliyolowa maji huhitaji moto mwingi zaidi ili ipate joto, basi moto wa makuti wa dakika chache unapika juujuu tu. Unatosha kumuua aliyeingia juzi. Wa miezi mitatu, aliye sentimita tano ndani, pengine hata hajui kuna moto. Ndiyo maana kubabua kila bamvua au kila mwezi kunafaa, na kubabua mara moja kwa mwaka kwa moto mkali ni kuunguza mbao bure, pamoja na pamba ya mishononi.

Deheni ni kemia nzuri. Chokaa ikikutana na mafuta, iwe shahamu ya mnyama au sifa ya papa, hutengeneza sabuni ya namna ya pekee: tofauti na ya kufulia, hii haiyeyuki majini. Inashika mbao, inaziba vinyweleo, inabaki laini kidogo ili ifuate ubao unapovimba na kunywea, na chokaa iliyozidi huuacha uso ukiwa mkali kwa kiumbe mdogo. Udhaifu wake ni kwamba inasuguliwa haraka. Wapo siku hizi wanaopaka oili chafu ya injini badala yake kwa kuwa haina gharama. Oili haigandi. Wiki haiishi, nusu yake iko majini pamoja na masizi na madini ya injini, mahali pale pale watu wanapochokoa pweza. Kwa maoni yangu ni kazi isiyofaa hata kwa bei ya bure.

Wazungu walijaribu njia nyingine, ya shaba, na makosa yao yana faida kwa yeyote anayetaka kufunga mashine au kupaka rangi ya kisasa. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilizivika mbao za merikebu HMS Alarm mabati ya shaba. Shaba ilimzuia mdudu, na magugu hayakuota. Lakini chombo kilipokaguliwa baada ya miaka miwili, misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika. Mahali pachache chuma kilikuwa kizima, na walipotazama waliona sababu: karatasi iliyofungia mabati hayo ilikuwa imebaki katikati, ikazitenganisha metali mbili. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na metali mbili tofauti zikigusana ndani yake, moja hulika ili nyingine ipone.

Humphry Davy aliitumia kanuni hiyo kinyumenyume mwaka 1824. Shaba za merikebu zilikuwa zinalika na serikali ilitaka zidumu, naye akazifunga vipande vya chuma na zinki ili hivyo vilike kwa niaba ya shaba. Shaba ikaacha kulika. Kisha merikebu zikarudi bandarini zimejaa majani na makombe, kwa sababu shaba ilikuwa inafukuza viumbe kwa kuyeyuka kidogo kidogo, na sasa haiyeyuki. Kushinda kwake kulikuwa ndiko kushindwa kwake.

Rangi nyingi za chini ya boti zinazouzwa leo zina unga wa shaba na hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo: zinalinda kwa kujimaliza. Rangi ya shaba ambayo baada ya mwaka haijapungua haifanyi kazi, imejipamba tu. Na mguu wa mashine ya boti ni wa aluminiamu, metali inayolika vibaya ikikutana na shaba, basi rangi hiyo isiufikie. Kile kipande cha zinki kilichofungwa chini ya mashine ndicho cha Davy. Kazi yake ni kulika. Kukipaka rangi ili kisiharibike, jambo linalofanywa na watu wenye nia njema, ni kuiamuru bahari ile mashine yenyewe.

Kulikuwa na rangi kali kuliko za shaba. Miaka ya 1960 ilileta tributiltini, na ilifanya kazi vizuri mno. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza walianza kuota kombe nene zenye ulemavu na kuacha kuzaliana. Ufaransa ikaikataza kwa boti ndogo mwaka 1982. Mahali pengine konokono majike waliota viungo vya kiume. Mkataba wa kimataifa wa kuikomesha ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Mtu akikuuzia kopo la zamani lisilo na maandishi akikusifia kwamba "hakuna kinachoota hapo", mrudishie.

Sasa kuna faiba, na hapa ndipo fedha nyingi za wavuvi zinapopotea. Boti iliyoundwa kwa faiba tangu mwanzo haina cha kuliwa, na serikali ya Tanzania katika miaka ya karibuni imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za namna hiyo. Hilo ni jambo jingine. Ninalolisema ni lile la kuchukua dau la mbao la miaka kumi na kulivika faiba ili lisivuje. Mbao hunywa maji na kuvimba, hukauka na kunywea, hasa kwa upana wake. Faiba haifuati mwendo huo. Na gundi ya poliesta, ile ya bei nafuu, haishiki vizuri kwenye mbao yenye maji, na kwenye mbao yenye mafuta haishiki kabisa. Dau lililonyweshwa sifa na deheni miaka kumi ni mbao yenye mafuta. Dawa ya zamani inaikataa ya sasa.

Kinachofuata kinajulikana. Utando unaachana na ubao mahali fulani, chombo kinaburuzwa juu ya jiwe, ufa unaingia, na kiluwiluwi wa robo ya milimita hahitaji mlango mkubwa. Ndani anakuta mbao laini, kivuli, na ngao ya faiba inayomkinga na moto wa makuti na jicho la fundi. Upande wa ndani wa chombo nao uko wazi, maji ya mvua yanatuama kwenye ngama, na maji baridi ndiyo yanayoleta ukungu wa kuozesha mbao. Chumvi huuzuia ukungu huo, ndiyo maana wazee waliosha vyombo kwa maji ya bahari na hawakuacha maji ya masika yalale ndani. (Wenzetu wa Mwanza na Kigoma hawamjui huyu mlaji wa chumvini, lakini ukungu na kutu ya misumari wanavijua vizuri kutushinda.) Kwa chombo kipya, cha mbao kavu ambayo haijaonja mafuta, epoksi na kitambaa cha faiba vikipakwa kwa uangalifu pande zote vinaweza kudumu. Kwa chombo kikuukuu, fedha hiyo ingebadilisha mbao mbili tatu za chini na ingebaki ya misumari ya mabati.

Nazitaja mbao za chini kwa makusudi. Utando wowote, wa deheni, wa shaba au wa faiba, hukwaruzika kwanza pale chombo kinapogusa mchanga, yaani mkukuni, na hapo ni pagumu kupapaka kwa sababu chombo kimepalalia. Hapa ndipo tabia ile ya kutovuka mshono inapomsaliti mdudu. Pigilia ubao wa bei nafuu chini ya mkuku kwa urefu wake wote, na katikati tia kitambaa kilichonyweshwa lami. Uache uliwe. Utakapoliwa ukabaki mirija mitupu, ung'oe uuchome moto, upigilie mwingine. Walioingia humo wanafia humo, na mkuku, ambao kuubadili ni karibu sawa na kuunda chombo upya, unabaki salama. Ni mbinu inayotumika kwenye vyombo vya mbao sehemu nyingi za dunia, na gharama yake ni ubao mmoja na nusu siku ya kazi. Hakikisha tu kwamba misumari yake iwe ya metali ile ile iliyomo mkukuni; umeona yaliyoipata Alarm.

Na ili kujua kama maji ya gati lako yana viluwiluwi wengi mwezi huu au wachache, fanya walichofanya Turner na wenzake kwa miaka mingi. Chukua vipande vya mwembe visivyo na rangi, urefu wa shibiri moja, uvitundike kwa kamba karibu na chombo kinapofunga nanga, vikae ndani ya maji hata yakipwa. Kila bamvua toa kimoja, ukipasue kwa shoka kufuata nyuzi zake, uhesabu njia. Kikitoka safi, kubabua kunaweza kungoja bamvua lijalo. Kikitoka na njia hata tatu nne zenye upana wa uzi, pandisha chombo siku hiyo hiyo, maana walioko chini ya dau lako wana umri ule ule na bado wako karibu na ngozi ya ubao.